Shati Kavu Ndani ya Mfuko wa Mbolea

Naanza na upumbavu wangu mwenyewe, kabla Mama Zuhura hajautangaza yeye. Juzi juzi, mvua ikinyesha vizuri tu hapa mtaani kwangu Utemini, nilitoka ndani nikasimama katikati ya uwanja nimevaa koti la mitumba lenye kofia, sweta zito la pamba, suruali ya jinzi na mabuti, nikanyoosha mikono kama sanamu ya kufukuzia ndege shambani. Nilikuwa najipima kama nitalowa. Nililowa. Koti lilivuja mabegani, jinzi ikanywa maji mpaka ikawa nzito kama mtoto aliyelala mgongoni, na sweta likarefuka likanifika karibu na magoti. Mama Zuhura, jirani yangu ambaye tumetenganishwa na ua wa minyaa tu, wakati huo alikuwa anaanua nguo zake mbio mbio. Akasimama na nguo zake begani, akanitazama mimi ninayezipeleka zangu kwenye mvua. Hakusema kitu. Mama Zuhura akinyamaza, ujue anaweka akiba.

Aliyenifikisha hapo ni kaka yangu Elia. Yeye alibaki kijijini, jirani na msitu wa Mgori, tulikozaliwa. Mimi nilimaliza kidato cha nne, nikapata kibanda changu cha duka hapa mjini, na tangu hapo safari yangu ndefu ni ya kutoka kitandani kwenda dukani, nalo duka liko mbele ya nyumba hiyo hiyo. Kila masika Elia hunipigia simu na neno lake ni lile lile: uyoga umeota, njoo twende msituni kwa miguu kama tulivyokuwa wadogo, tupande kilima, tuvuke korongo, turudi jioni. Na kila masika nina sababu. Safari hii alinikatia njia mapema.

"Mwaka juzi ulikuwa na mafua," akasema. "Mwaka jana ukawa na wageni. Mwaka huu magoti yangu yanakubali. Ya mwakani mimi siyajui."

Nikasema nitakuja. Nilipokata simu nikaenda mnadani kununua lile koti.

Wenzangu wa umri wangu mtanielewa. Enzi zetu hakukuwa na nguo za mvua. Kulikuwa na mvua na kulikuwa na nguo, na kazi ya mtoto ilikuwa kuhakikisha hivyo viwili havikutani. Ulichukua gunia la katani, ukaisukuma kona moja ya chini mpaka ikazama ndani ya kona ya pili, ukajivika kichwani, ukapata kofia na koti kwa mpigo mmoja, vinashuka mpaka nyuma ya magoti. Likishiba maji lilinuka uwele na panya, na lilikukwaruza shingo mpaka ukatamani mvua yenyewe. Lakini upepo haukupita. Na mnaujua upepo wa kwetu, ule unaokuja baada ya mvua kama mgeni aliyesahau fimbo yake.

Miguuni tulikuwa na katambuga za tairi la gari. Kwenye jua hazikuwa na mpinzani, kwenye tope zilikuwa adui. Ukipiga hatua, mguu unakwenda, katambuga inabaki. Kwa hiyo mvua ikianza ulizivua ukazibeba mkononi, ukatembea kwa vidole, na vidole vyetu vilikuwa vinashika ardhi kama vya kenge. Asubuhi za kuchunga, baridi ikizidi, tulimvizia ng'ombe anayeinua mkia. Akimaliza tu, mnagombania kutumbukiza miguu. Mwanangu Neema nilipomsimulia hili aliweka kijiko chini akasema ameshiba.

Na kabla ya kutoka, mama alitupaka samli miguuni na mikononi mpaka tukang'aa kama sufuria. Ukilalamika kuwa mvua ni kubwa, alikutazama tu. "Kwani wewe chumvi?" Basi. Hakukuwa na kikao kingine. Ila kuhusu nguo alikuwa mkali kweli. "Ukirudi na shati bichi utalala nalo." Na usidhani alikuwa anatisha. Shati lilikuwa moja, la shule, la kanisani na la kulalia.

Hapo ndipo sheria ya Elia ilipotokea. Yeye alikuwa darasa la sita, mimi la tatu, na tukiwa njiani yeye ndiye aliyekuwa serikali. Tone la kwanza likidondoka alisimama, akasema, "Vua." Tunavua mashati, tunayakunja, kila mmoja analitia la kwake ndani ya mfuko wa nailoni wa mbolea, anaufunga mdomo kwa kamba ya mkonge. Halafu tunatembea vifua wazi chini ya magunia yetu, mvua inyeshe inavyotaka. Ikikatika, unajifuta kwa viganja, unafungua mfuko, unavaa shati kavu. Sijui kama watoto wa leo wanaifahamu raha hiyo. Mwili umekuwa wa baridi kama chura, halafu unaingia ndani ya kitambaa kinachonuka moshi wa nyumbani. Ulikuwa kama umeitwa ndani ukale.

Vijana wa siku hizi nawaona hapa mjini wamevaa makoti yenye manyoya saa saba mchana, jua linapasua vichwa, wanapigana picha. Mvua ya kweli ikija wanajibanza barazani kwangu, wanaomba chaji. Siwacheki sana. Barazani hapo kiti cha kwanza ni changu.

Kuna siku moja sijaisahau. Tulikwenda msituni kutafuta uyoga, tukapata mwingi, kikapu kikajaa. Mvua ikatukuta ng'ambo ya korongo. Elia akasema vua, nikavua, tukafunga mifuko yetu, tukatembea. Ilinyesha kwa muda mrefu kuliko kawaida yake. Ilipokatika, ukaja ule upepo. Nikafungua mfuko wangu nikakuta shati linachuruzika maji. Panya walikuwa wametafuna kona ya mfuko, na mimi sikuwa nimetazama.

Mwanzoni nilitetemeka mpaka meno yakagongana. Baadaye nikaacha kutetemeka, na nikaona kama mambo yamekuwa mazuri. Nikamwambia Elia nataka kukaa kidogo chini ya mti, nipumzike.

"Ukikaa nakuchapa," akasema.

Alinitazama usoni, na mara hiyo serikali nzima ikaogopa. Nilimwona. Akafungua mfuko wake, akatoa shati lake kavu, akanivika mwenyewe kama anavyovikwa mtoto mchanga, mikono imenyooka juu. Likanifika magotini. Juu yake akaniwekea magunia yote mawili. Kisha akabeba kikapu kichwani, akatangulia kifua wazi, akiukata upepo kwa mwili wake ili mimi nije nyuma yake.

"Wewe je?" nikamuuliza.

"Mimi nasikia joto."

Niliutazama mgongo wake njia nzima. Ulikuwa umesimama vipele kama kuku aliyenyonyolewa. Nyumbani mama akauliza shati la Elia limefikaje kwangu. Elia akajibu kuwa lilikuwa linambana. Jioni hiyo tulikula uyoga wa karanga kwa ugali wa uwele, tumebanana kwenye mafiga, na hakuna aliyelizungumza tena. Tangu siku ile nimevaa mashati mengi, mojawapo la harusi yangu. Hakuna lililonikaa kama lile.

Sasa rudi kwangu, mtu mzima mwenye kitambi na duka. Baada ya aibu ya uwanjani nilirudi mnadani kwa kijana aliyeniuzia koti. Nikamkumbusha aliniambia ni la mlimani.

"Ni la mlimani, mzee wangu. Hata theluji haipiti."

"Mvua imepita."

"Theluji ni kubwa kuliko mvua, mzee. Sasa mvua ni ndogo, inapenya."

Nikampigia Neema, anayesoma Dodoma. Kwanza akanipa shikamoo yangu kwa adabu zote, halafu, nilipomsimulia ya uwanjani, akanigeuzia kibao.

"Baba, ulivaa pamba?"

"Marahaba. Nilivaa pamba. Ni nguo ya heshima."

"Pamba ikilowa haikauki, inakaa na baridi mwilini. Jinzi ndiyo usiiguse kabisa. Vaa nguo tatu. Ya ndani nyepesi, inayokauka haraka. Ya katikati sweta la sufu, maana sufu hata ikilowa bado inatunza joto. Ya juu ya kuzuia maji na upepo."

Nguo tatu kwa mtu mmoja. Kwetu nguo moja ilikuwa ya watu watatu, walipishana miaka tu.

"Viatu usivae vipya, vitakuchubua," akaendelea. "Soksi beba za akiba. Na baba, hili ndilo kubwa. Weka nguo kavu ndani ya mfuko, ufunge vizuri, usiufungue mpaka mvua iishe."

"Hilo la mwisho umelitoa wapi?"

"Mtandaoni."

"Mtandao umelisikia kwa baba yako mkubwa."

Basi nikaanza kuhangaika. Sweta la sufu nililipata kwenye rundo la nguo za akina mama, lina maua ya waridi na vifungo upande usio wangu, nikasema litakaa katikati, nani atalitazama. Mabuti nikayavaa ndani ya nyumba kutwa nzima ili yazoee mguu, mke wangu akaacha kuniuliza. Kila asubuhi nilitoka kutazama wingu. Likiwa jeusi nilisema nitateleza kwenye kilima nivunjike. Likiwa jeupe nilisema litadanganya, litanigeuka tukiwa korongoni. Niliwaza nimonia. Niliwaza simu italowa na watu wasijue tulipo. Nilinunua tochi kwa safari ya mchana. Nilijifanya nasubiri koti la juu, lile zuri, nikipata hilo basi nakwenda.

Kusema kweli mvua nilikuwa naisingizia. Krismasi nilikwenda kijijini kuwasalimia, na nilimwona Elia akiinuka kwenye kigoda. Alishika mwimo wa mlango kwanza, akavuta pumzi, ndipo akasimama. Alipogundua namtazama akacheka, akasema kigoda ni kifupi. Ni kigoda kile kile cha siku zote. Tangu utoto wangu msitu ule naujua kwa mgongo wake, yeye mbele, mimi nyuma. Nilikuwa naogopa kufika pale kwenye kilima nigeuke nimkute nyuma yangu, mbali, amesimama, na aniambie anasikia joto.

Zamani tulikwenda tukiwa hatuna kitu na hatukuwaza kama tutarudi. Mvua ilitukuta tukavua, tukacheka, tukavaa. Sasa nina nguo tatu, soksi za akiba na tochi, na nimekaa kitandani nahesabu mawingu. Wenzangu wengi tuko hivyo. Tumepata makoti, na wale waliotuvika mashati yao wanashika milango ili wainuke.

Asubuhi ya siku tuliyopatana, bodaboda alikuwa ameshafika, kimvua kinanyunya. Nikatoka. Nikarudi kuchukua soksi. Nikatoka, nikarudi kuchukua mfuko. Mfuko ni wa mbolea, nimeuomba kwa mteja wangu, na jana yake nilikuwa nimeujaza maji nione kama panya hawajaupitia. Haukuvuja. Ndani yake nikatia mashati mawili makavu, langu na jingine kubwa kidogo, la mtu mwenye mabega ya Elia. Nikafunga mdomo kwa kamba.

Nilipofika kwenye ua, wingu likanguruma upande wa Mgori. Nikatoa simu. Mama Zuhura alikuwa anafagia maji mlangoni kwake, amejifunga khanga kichwani.

"Unampigia nani asubuhi yote hii, Baba Neema?"

"Kaka. Wingu lile silipendi. Nataka nimwambie tusogeze mpaka Jumamosi, huenda nikapata na koti zuri."

Akaegemea ufagio wake. Akiba yote ya siku ile ya uwanjani akaitoa. Niliirudisha simu mfukoni bila kuipiga, nikapanda pikipiki na mfuko wangu kifuani, nikiwa nimelivaa lile lile koti linalovuja, kwa sababu jirani yangu alikuwa amesema hivi:

"Wiki nzima unatafuta nguo za kwenda kulowa. Yule mzee anakusubiri wewe, hasubiri koti. Ukisogeza tena, hilo zuri utalivaa msibani kwake."