Figo Zimefeli

Hapa Kinampanda neno kufeli tulilipokea kutoka shuleni. Mtoto akifeli analia, anarudia darasa, maisha yanaendelea. Baadaye tukalisikia kwa madereva wa malori ya barabara ya Shelui: breki zimefeli. Nako huko fundi yupo.

Kwa hiyo daktari alipomwambia mke wangu kwamba figo zake zote mbili zimefeli, hakushtuka.

"Basi zirudie darasa," alisema. "Mjukuu wangu alifeli la nne, akarudia, akapita vizuri tu."

Muuguzi alicheka. Daktari, kijana mwenye adabu, aliniita pembeni.

"Mzee wangu, mama hajanielewa. Haziponi tena. Na moyo wake hauwezi kuhimili mashine ya kusafisha damu."

Nilimshukuru kwa kutonificha.

Tuliporudi nyumbani, kila tulipomaliza sala ya jioni mke wangu aliniuliza, "Wamesema zitarudia lini? Alizeti ile shambani ataivuna nani?" Mimi ni mzee wa kanisa, nimekaa na wafiwa wengi, lakini neno la kumwambia sikulipata. Nilimwomba Mungu anipe.

Siku moja miguu yake ilikuwa imevimba hata kandambili haziingii. Akasema, "Mzee, hicho Kiswahili cha hospitali kiache hukohuko. Niambie kwa Kinyiramba."

Katika lugha yetu ya nyumbani neno kufeli hakuna. Nikatafuta, nikapata lile tunalosema kwa ng'ombe wa plau aliyezeeka: amechoka, hafungwi nira tena. Nikamwambia figo zake zimechoka hivyo.

Alizitazama nyayo zake.

"Kumbe," alisema. "Kuchoka nakujua. Mwite dada yangu."

Dada yake alitoka Kinyangiri siku iliyofuata. Walikaa kitandani wakimenya karanga na kuchekana, kila mmoja akimwambia mwenzake amezeeka vibaya. Siku ya tatu, alfajiri, mke wangu alituaga kwa kushika tu mikono yetu, akafariki. Namshukuru Mungu kwamba dada yake aliwahi.

Kijana wetu alikuwa anaandika tangazo la msiba la kusomwa kanisani. Aliandika kwamba figo za mama zilifeli. Nilimwomba alifute neno hilo.

"Sasa niandike nini, baba?"

"Andika alichoka."

Akaandika. Kisha akaiweka kalamu chini, akalia.