Foleni ya Mama Zainabu

Jamani, leo nimeona wanajeshi wanne wakiogopa sindano!

Mimi ni nesi, sicheki mgonjwa. Lakini leo nilikaribia.

Tuliwaita watu wa Koboko waliopona ile homa ya kuambukiza watoe damu. Yale maji ya damu yao yanakwenda hospitali ya Arua, kuwatibu wanaoumwa bado. Wakaja askari wa zamani wanne. Wakaganda mlangoni.

Ndipo akaingia Mama Zainabu, mjane wa sajini, naye amepona juzi tu.

"Foleni!"

Wakajipanga palepale, tena kwa vyeo! Yeye akasimama mbele yao wote. "Sajini alikufa. Mimi iko," akasema kwa Kiswahili cha kambini.

Nikampima uzito. Mwepesi mno. Nikamwambia hawezi kutoa.

Hata mimi niliona haya.

Nilidhani ataondoka. Akavuta kiti kando ya kitanda, akamshika kila mmoja mkono mpaka akamaliza. Na hao, tangu wapone, hakuna anayewapa mkono, hata msikitini.

Wa mwisho, koplo, akawa hainuki.

"Koplo, damu imetosha."

"Najua, sista. Lakini mama bado iko nashika mkono."

Niambieni, nyinyi mngemwinua?