Sekunde Ishirini za Kicheko cha Dada Kopi

Kuna watu hawacheki kwa sababu maisha hayajawapa la kuchekea, kuna wengine wanaficha pengo, halafu kulikuwa na Dada Kopi, ambaye hakucheka kwa sababu alikijua vizuri kicheko chake.

Kilianza kwa adabu, hih-hih, kama cha binti wa watu. Kisha pumzi ilirudi ndani kwa kishindo, hiiii, ikatoka tena, haaaa, na punda yeyote aliyekuwa karibu angegeuka kutazama ni nani wa ukoo wao. Alipokuwa darasa la tano kilimtoka katikati ya kipindi, mwalimu wa hesabu akadondosha chaki, na kuanzia siku ile mpaka anamaliza shule jina lake likawa Punda. Mama yake alimpa dawa ya kimama: "Ukisikia kinapanda, meza mate." Akameza. Alimeza miaka ishirini na tano, kwenye harusi, kwenye vikao vya ukoo, hata siku bosi wake alipokalia keki ya mgeni rasmi. Watu wakasema ana maringo. Afadhali maringo kuliko kwato.

Alifanya kazi katika duka la kutoa kopi na kuchapa barua: mashine moja ya kopi, kompyuta moja, na feni iliyotikisa kichwa kama shahidi wa uongo. Lakini foleni haikuja kwa ajili ya kopi. Ilikuja na simu za zamani, zile za vibonyezo, ambazo betri inakaa wiki nzima na zikianguka kwenye ndoo ya maji zinatoka zikiuliza saa ngapi. Zilikuwa na kasoro moja. Ukitaka kuziwekea picha au mlio mpya, tundu lao la waya lilikuwa la umbo ambalo kiwanda chenyewe kilishalisahau. Njia iliyobaki ilikuwa barua pepe. Unamwambia mpwa wako mwenye simu kubwa atume wimbo kwenye sanduku la dukani. Dada Kopi anaupunguza, maana ukizidi sekunde ishirini simu inaganda kama imeona jini. Kisha anautuma kwenye anwani aliyokufungulia yeye mwenyewe, anaishika simu yako, anaifungua barua, anabonyeza hifadhi, anabonyeza weka kama mlio, kwisha.

Kwa hiyo nusu ya mtaa ilikuwa na anwani alizofungua yeye, na maneno ya siri yote alikuwa nayo kichwani. Hakuwahi kuingia hata sanduku moja. Picha za nyumba ndogo zilipita mikononi mwake, na za marehemu, na za gari la mtu ambaye mkewe aliambiwa hana gari. "Mimi napunguza, siangalii," alikuwa akisema, na watu walimwamini kwa sababu ilikuwa kweli.

Milio lakini, lazima uisikilize. Huwezi kukata usichokisikia.

Jumanne moja akaja fundi rangi, kucha zake za kijani, tabasamu limetangulia mlangoni.

"Dada Kopi, nimekuletea kitu. Ukikisikia utakufa."

"Nikifa nani atakupunguzia? Kinaitwaje?"

"Punda Aliyepaliwa. Shemeji yangu kanirushia. Kazini kwao wanacho wote, mpaka mhasibu."

Dada Kopi akavaa hedifoni yake iliyofungwa kwa plasta, akabonyeza.

Hih-hih.

Alijua kabla punda hajafika. Kitu ulichokificha miaka ishirini na tano hakihitaji kutambulishwa. Hiiii, kikaenda, haaaa, kikarudi, na nyuma yake mashine ya kukaushia nywele ikanguruma na kuzimwa, na mwishoni kabisa ikaja sauti ya mwanamke: "Haya shoga, meza mate, utanipasulia kioo."

Duniani, ukimtoa mama yake, kulikuwa na mtu mmoja tu wa kumwambia maneno hayo: Msusi.

Msusi alikuwa rafiki yake tangu wote wawili wakiwa wapangaji wa nyumba moja na sufuria ya kuazimana. Saluni yake ilikuwa chumba kimoja, kioo kimoja chenye ufa, na mlango ambao kila Jumamosi mchana, wateja wakiisha, ulifungwa kwa komeo. Hapo Dada Kopi aliketi kwenye mto sakafuni, kichwa kikiwa kati ya magoti ya mwenzake, na Msusi akamwigizia wateja wa wiki nzima mmoja baada ya mwingine. Wengine hupeleka nguo kwa dobi. Yeye alipeleka kicheko. Alikifungulia humo, kikakimbia chumba kizima, kikatoka kimechoka na safi, akakifunga tena mpaka Jumamosi nyingine.

"Vipi, umekufa?" fundi rangi akauliza.

"Nakata."

Na akakata. Kazi ni kazi. Akaanzia pale kinapopanda, akaiacha nje sauti ya Msusi, zikabaki sekunde ishirini kamili. Akatuma, akahifadhi, akaweka.

"Nipigie basi nijaribu."

Akampigia. Foleni nzima ikavunjika mbavu. Mama mmoja mwenye vyeti vya kutoa kopi aliegemea mashine, machozi yanamtoka. "Jamani, mnyama gani huyo maskini?" Mwingine akasema, "Huyo ana pumu." Kabla ya saa sita watu wanne zaidi walikuwa wameomba wawekewe.

Walipoondoka, akarudi kwenye barua na kuteremka nayo chini. Barua iliyosambazwa ni kama kandambili za msikitini, imepita kwenye miguu mingi, ila yenyewe inakumbuka kila mguu. Shemeji wa fundi rangi alikuwa kaipata kwa mlinzi. Mlinzi kwa karani. Karani kwa mtu wa bima. Kila mmoja kaongeza chumvi yake: "Nimekufa." "Nani kafungulia zizi?" "Mpeni maji." Chini kabisa ilikuwa barua ya kwanza, na anwani iliyoituma aliifungua yeye, kwenye kiti hichihichi, kwa sababu Msusi alitaka picha za mitindo kwenye simu yake ya vibonyezo. Yeye ndiye aliyemfundisha: hapa unaambatisha, hapa unatuma, hapa unatuma kwa wengi kwa mpigo. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na yeye alikuwa amemkabidhi Msusi mpaka jembe.

Ilikuwa imetumwa kwa watu kumi na wanne. "Msikilizeni shoga yangu," Msusi aliandika. "Ila msimpe mtu."

Neno la siri la Msusi lilikuwa mezamate. Walilichagua pamoja, na kwa kicheko cha siku hiyo ilibidi wafunge hata dirisha. Vidole vya Dada Kopi viliandika m, e, z, a, vikasimama. Miaka yote hakuingia sanduku la mtu. Akafuta herufi moja moja.

Kilichomchoma zaidi ni tarehe. Miezi saba. Jumamosi thelathini na kitu Msusi alimsuka akijua, na simu ikiwa pale mezani imelala kifudifudi kati ya chanuo na mafuta. Akaanza kuzipitia hadithi za Msusi kichwani, akijaribu kutenga ipi alisimuliwa yeye na ipi ilisimuliwa ile simu.

Jumamosi alikwenda kama kawaida. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema kwamba kinaweza pia kukusuka, tena kwa mkono mwepesi. Upande wa kushoto ulipoisha, Msusi akaanza.

"Shoga, wiki hii! Kaja yule mke wa mwenye mabasi, kavua wigi lake kaliweka kitini aoshwe. Anaingia bibi mmoja haoni vizuri, analiona. Analipapasa hivi. 'Jamani, katulia huyu paka. Keshakula?'"

Kikapanda. Msaliti mwingine huyo, kicheko chenyewe, hakijui hata kununa. Dada Kopi akameza mate mpaka masikio yakaziba.

Mikono ya Msusi ikasimama. "Unaumwa?"

Dada Kopi akatoa simu yake mfukoni na kumpigia mtu aliyekuwa nyuma yake.

Pale mezani, kati ya chanuo na mafuta, simu ikaanza: hih-hih, hiiii, haaaa. Wakatazamana kwenye kioo, kila mmoja upande wake wa ufa.

"Aa, hiyo," Msusi akasema. "Hiyo ni yako wewe tu. Ukinipigia wewe ndio inalia hivyo. Nacheka kabla sijapokea."

"Na wale kumi na wanne? Nao wanacheka kabla hawajapokea?"

Msusi akaizima simu.

"Nani kakuambia?"

Hakusema samahani. Aliuliza nani.

"Wewe mwenyewe. Jina lako liko chini ya barua. Nilikufundisha kutuma, sikukufundisha kufuta nyayo."

"Ilikuwa mzaha, mwenzangu! Mtu ana shida zake, anakisikia, anapata ahueni. We unadhani wanakucheka wewe? Wanamcheka punda."

"Na punda ni nani?"

Msusi akafungua mdomo kujibu, na hapo, Mungu amsamehe, pembe ya mdomo wake ikacheza. Kidogo tu. Kwenye kioo chenye ufa ikacheza mara mbili.

Dada Kopi akainuka. Kushoto kichwa kilikuwa na mistari myembamba iliyonyooka kama karatasi ya daftari. Kulia kilikuwa kichaka.

"Kaa nimalize basi! Utatokaje hivyo? Watu watacheka."

"Wameshazoea."

Akapita mtaa mzima na nusu kichwa. Kinyozi alisimamisha mashine kwenye kisogo cha mteja. Hakuna aliyethubutu kusema kitu, maana uso wake ulikuwa wa mtu anayesubiri aanze mmoja.

Alhamisi yake, kilemba kichwani na foleni mpaka mlangoni, sanduku la duka likapokea barua. Ilitoka kwa Msusi. Viambatisho thelathini na moja, kila kimoja na tarehe ya Jumamosi. "Samahani shoga. Hizi ndizo zote. Nyingine sikumpa mtu. Nimekurudishia, kwangu hakuna tena. Rudi nimalize ule upande."

Thelathini na moja. Basi jibu la lile swali alikuwa kalipata: zote zilisimuliwa simu.

Hata hivyo angeweza kusamehe. Ilikuwa mara ya kwanza kuliona neno samahani. Tatizo, alikuwa fundi. Alijua kwamba kitu ukikituma kwa barua pepe hakihami, kinazaa. Nakala inabaki kwenye sanduku la mtumaji, chini, mahali ambapo mtu kama Msusi hapajui. Labda alidhani kweli amerudisha, kama mtu anayerudisha sufuria. Dada Kopi akaona amsaidie, kwa mara ya mwisho na kwa ajili yao wote wawili: aingie, azifute, atoke. Alimwomba radhi Mungu wa mafundi, akaandika anwani ya Msusi, akaandika mezamate.

Neno la siri si sahihi.

Akaandika tena polepole. Si sahihi. Limebadilishwa, kompyuta ikamwambia, siku tatu zilizopita.

Msusi, ambaye mwaka jana alikuwa akiuliza ile alama ya anwani inabonyezwa wapi. Katafuta mwalimu mwingine, kakaa kitini, kajifunza kufunga mlango, ndipo akaandika samahani.

Kikaanza kupanda. Dada Kopi akajiandaa kumeza, akakuta mate yamemkauka. Hih-hih, kikamtoka. Hiiii. Haaaa. Kikajaa duka, kikatikisa kioo cha mashine ya kopi, na machozi yakaja nacho, na hakikuwa na furaha hata ya kujaza kijiko.

Foleni yote, kwa mpigo, ikatia mikono mifukoni.

"Ya nani hiyo inaita?" mama wa vyeti akauliza, akiitazama simu yake. "Si yangu."

"Wala yangu," akasema fundi rangi. "Pokeeni basi jamani, mtu anapiga."