Ampea Tano za Enyonam

Agbeko alikuwa fundi umeme kabla hajawa mwenye nyumba, na hesabu za umeme alizijua kweli. Uani kwake, hapa Atakpamé, familia sita tulitumia mita moja, breka yake ya ampea kumi. Tulimwita Fofo, yaani baba, kwa kuwa mwenyewe alitaka aitwe hivyo. Asubuhi alipita chumba hadi chumba na koleo lake la kupimia, akabana waya, akasoma ampea, akazidisha kwa volti mia mbili na ishirini, kisha akazitangaza wati zako kwa sauti ili majirani wasikie.

"Mia saba! Leo fundi cherehani anapigia pasi harusi ya nani?"

Breka ikikatika, friji la samaki wa mkewe lilizimika, na sote tulitukanwa hadi jioni.

Desemba, baridi ya upepo wa vumbi ilipoingia, Enyonam msusi, wa chumba cha mwisho, alijifungua mtoto wa kike kabla ya miezi kutimia. Mume hakuwa naye. Kichanga kilikuwa kama njiwa aliyenyonyolewa. Zahanati wakamwambia amkalishe penye joto, naye akanunua sokoni hita kuukuu iliyoandikwa wati mia sita.

Fofo akabana koleo lake.

"Ampea tano, dada. Nusu ya breka nzima!"

"Fofo, si imeandikwa mia sita?"

"Mia sita ingevuta ampea mbili na ushee. Hii ni tano mara mia mbili na ishirini: elfu moja na mia moja! Halafu gawa volti kwa ampea, unapata ukinzani wa waya, omu arobaini na nne. Ilitakiwa themanini. Waya wa ndani ulikatika, wakauunga mfupi. Wamekupiga, mama."

"Basi niwekee mrefu, nakuomba. Si unao kwenye sanduku lako?"

"Ninao. Kwani mimi ndiye niliyekutia mimba?"

Fundi cherehani akacheka. Fofo akatoa praizi, akaukata waya wa chumba kile juu ya mlango.

"Wati sifuri," akatangaza.

Jioni Enyonam aliziba madirisha kwa kanga, akaingiza jiko la mkaa, akalala karibu na mwanawe. Kulipokucha mlango haukufunguka. Tukauvunja. Mama alikuwa anakoroma, povu mdomoni. Mtoto alikuwa amekwisha kuwa baridi.

"Mimi nilikata umeme," Fofo alimwambia polisi. "Mkaa sikuuwasha mimi."

Polisi akauliza kama kweli ampea za hita zilizidi zilizoandikwa. Fofo akamfanyia hesabu pale pale, kwa chaki ukutani. Polisi akaitazama, akatikisa kichwa kukubali, akaondoka.

Enyonam alipona mwili. Lakini akianza kusuka, alisahau katikati ya mstari, akabaki ameshika nywele za watu huku akitetemeka. Wateja wakamkimbia. Kaka yake akaja kumchukua.

Mke wa Fofo alikuwa amepeleka chungu cha samaki msibani. Kina mama wakakirudisha vilevile, kifuniko hakijaguswa. Akamlilia mumewe.

"Samaki wataoza," akajibiwa. "Rudisha kwenye friji."

Wiki haijaisha tangu Enyonam aondoke, alikuja mlinzi mmoja kutafuta chumba. Fofo alikuwa juu ya ngazi akiunga tena waya wa chumba kile.

"Una mke?"

"Sina, Fofo."

"Mtoto?"

"Sina."

"Safi sana," akasema, akashuka kumpa ufunguo.