Anzia Shingoni

Mwavita binti Bulaimu hana subira na poda nyeupe. Mwanamke akiingia kwenye saloni yake, pale Kasuku mjini Kindu, nyuma ya soko, amejipaka uso ukawa wa Mzungu na shingo ikabaki ya Kindu, hamsalimii kwanza. Humkalisha kitini, humgeuzia mlangoni mwanga unakotoka, halafu humwuliza, "Mama, huyu wa juu ni nani, na huyu wa chini ni nani? Mbona hawajuani?"

Wateja hucheka, maana wamekwisha kumzoea. Mdomo wake mkali, mikono yake laini. Atakunawisha kwa maji baridi, atakupaka mafuta kidogo na kuyasubiri yaingie, kwa sababu poda ikikaa juu ya ngozi kavu hupasuka kama udongo wa ukutani. Poda yenyewe huijaribu shingoni kwanza, si kwenye kiganja kama wafanyavyo wengi. Macho yaliyokesha na mtoto mgonjwa hagombani nayo. Huyatia wanja mwembamba juu tu, chini huacha, kwani wanja wa chini hukokota uso mzima. "Uso wa kila siku si wa harusi," husema. "Watu waseme umelala vizuri, wasiseme umepakwa."

Bibi harusi mmoja, Naomie, aliwahi kumwuliza kazi hii aliisomea wapi, Kisangani au Goma. "Niliisomea kwa mudogo wangu," Mwavita akamjibu. "Lakini nilianza kinyume."

Na kweli alianza kinyume. Ilikuwa miaka ile ya vita, mji umezingirwa, reli imelala, aendaye shambani hana hakika ya kurudi. Watu wa bunduki walipita nyumba kwa nyumba, na msichana aliyewapendeza walimchukua. Kuomba hawakuwa na habari nako. Mzee Bulaimu alikuwa amekwama Lokandu tangu njia zilipofungwa, kwa hiyo uani walibaki wanawake watatu: mkewe Mama Sofia, Mwavita aliyekuwa ndio kwanza amemaliza shule, na mdogo wake Malaika, bado mtoto, lakini mzuri kiasi kwamba mama mzazi alikuwa akimtazama kwa hofu.

Urembo wa binti ni furaha ya nyumba. Mwaka ule ulikuwa balaa, na Mwavita akaona heri aufiche. Alichukua masizi ya chini ya sufuria, akamchorea Malaika weusi chini ya macho na kivuli mashavuni hadi mtoto akaonekana hajala siku nyingi. Akakoroga unga wa muhogo na majivu, akambandika vipele usoni, vikikauka unaapa ni ndui. Naye mwenyewe akajizeesha, akajichora makunyanzi, akatembea ameinama na fimbo. Aligundua mapema kwamba adui wa kazi yake ni mawese, yale mafuta mekundu ya kupikia. Tone moja likigusa masizi, weusi unalegea, ngozi inapata uhai, na ugonjwa wote unaharibika. Basi siku wakipika sombe, majani ya muhogo yaliyoungwa kwa mawese, Malaika hakaribii jiko.

"Yaya, nipake," ndiyo ilikuwa salamu ya Malaika kwa dada yake kila asubuhi, hata kabla ya kunawa.

Siku moja mkubwa wa wale watu aliingia uani. Wenzake walisimama mlangoni, wameshaviona vipele, hakuna anayetaka kusogea. Yeye akasogea. Akamtazama Malaika polepole, kisha kwa ncha ya fimbo akausukuma mtandio wake.

"Ugonjwa gani huu unaogopa shingo?"

Mama Sofia akasema mutoto iko na homa, hata jirani hawakaribii. Mtu yule akacheka kidogo. "Kesho nitarudi kumwangalia vizuri. Muntu asitoke hapa."

Alipoondoka, Mama Sofia alikaa palepale vumbini. Mwavita alijikasirikia mpaka akauma midomo. Jicho lake lilikuwa limeona uso tu, likasahau kwamba uso umebebwa na shingo. Na sasa masizi zaidi yasingefaa kitu, kwa sababu yule mtu angekuja na maji na kusugua. Ulitakiwa ugonjwa usiofutika. Lisilobudi hutendwa. Akapenya nyuma ya nyumba kwenye vichaka vya mpakani, akarudi na maganda ya upupu ameyafunga katika jani la mgomba.

"Itakuwasha sana," akamwambia mdogo wake.

"Itawasha kupita wao?" Malaika akauliza, akainua kidevu.

Jamani, upupu haujui huruma. Kesho yake shingo, mabega na mikono ya Malaika vilikuwa vimevimba na kuchubuka kwa kucha, macho yamewiva, machozi yanatoka ya kweli. Mkubwa alikuja kama alivyosema, akaamuru mtandio utolewe. Aliona. Akarudi nyuma, akajifuta mikono kwenye suruali ingawa hakuwa amemgusa mtu, akawaambia wenzake waondoke. Hakuna bunduki iliyoingia tena katika ua ule. Mama Sofia alicheka na kulia kwa pamoja, na Mwavita akajua ameshinda.

Alikuwa ameshinda nusu.

Vita vilipokwisha, reli ikaamka, Mzee Bulaimu akarudi na ndevu nyeupe, watu wakaanza tena kuvuka mto kwenda Alunguli bila kutazama nyuma. Mama Sofia akachemsha maji, akatia mchaichai, akamwita Malaika aje aoge vita vimtoke. Malaika akaoga, akatoka safi, akanyoosha njia hadi jikoni na kutia kidole kwenye masizi.

"Yaya, nipake."

Mwavita akakataa. Malaika akajipaka mwenyewe, na kesho yake vilevile, na siku zilizofuata. Mama alibembeleza, baba aligomba, wapi. Sokoni haendi, shuleni haendi, mgeni akipiga hodi yeye yuko chini ya kitanda. "Hata nikinawa, shingo iko vile," alisema, na hapo hakudanganya, maana kucha zilimwachia madoa meusi kuanzia sikioni hadi begani. Mwavita alijua kumpa mtu ugonjwa. Kuuondoa hakujua, na hilo lilimuuma kuliko njaa yote ya vita. Aliogopa kwamba mdogo wake aliyemficha asichukuliwe atabaki amefichwa hivyo hadi uzee.

Akaamua kuanza na shingo. Jirani yao Claudine, aliyekuwa na meza ya vipodozi sokoni, alimpa poda ajaribu. Juu ya madoa ile poda ikageuka kijivu, ikawa afadhali doa lenyewe. Mwavita akakaa akafikiri, ndipo akakumbuka mawese. Kama wekundu ule uliweza kuua weusi wa masizi, utashindwaje na wa doa? Mafuta yenyewe yangeteleza, tena msichana angenukia jiko. Lakini kwenye meza ya Claudine kulikuwa na rangi ya mdomo yenye wekundu wa chungwa iliyokosa mnunuzi, kwa sababu kila aliyeijaribu alionekana ametoka kula sombe bila kujifuta.

"Beba tu," Claudine akasema. "Ndiyo hiyo, ile njo imenishinda."

Asubuhi ya Idi, ya kwanza tangu amani, Malaika alikubali kukaa kitini kwa sharti moja: shingo tu, uso uachwe. Mwavita akaweka ile rangi kidogo sana juu ya doa, akaigongagonga kwa ncha ya kidole bila kusugua mpaka ikashikana na ngozi, juu yake akatia poda ya rangi yake hasa. Doa likapotea. Akafuata la pili, akafuata la tatu. Kisha akampa kioo. Malaika aliitazama shingo yake, akapapasa palipokuwa na doa, na juu ya shingo ile ukakaa uso mweusi wa masizi.

"Haya," Mwavita akasema. "Shingo ya bibi harusi, kichwa cha sufuria."

Malaika akajizuia, akashindwa, akacheka. Mama Sofia aliyekuwa akichambua mchele akaacha mikono hewani, kwa kuwa kicheko kile alikuwa amekwisha kukata tamaa nacho. Hakuna aliyemwambia mtoto lolote. Aliinuka mwenyewe, akaenda kwenye ndoo, akanawa, akarudia kunawa, akarudi maji yakimdondoka kidevuni.

"Yaya, nipake," akasema, na kufumba macho.

Mwavita alimpaka kidogo tu. Mafuta, poda nyepesi, wanja juu ya macho, basi. Uso wenyewe haukuwa na cha kuongezwa.

Wakatoka kwenda kuwapa ndugu mkono wa Idi, Malaika mbele, Mwavita nyuma yake. Penye kona ya barabara kubwa walikuwa wamesimama askari, wa jeshi jipya, lakini bunduki ni bunduki. Mmoja akainua macho. Mwavita akauona mkono wa mdogo wake ukipanda, vidole vikishika ukingo wa mtandio ili ajifunike. Kisha mkono ule ukashuka.

"Idi njema, papa," Malaika akasema.

"Na kwako, mama," askari akajibu, akasogea pembeni wapite.

Walipita. Mwavita alikuwa analia waziwazi, wanja wake mwenyewe unashuka hadi mdomoni, wala hakujali. Kwenye mabaraza vichwa viligeuka, kikombe kikasimama mkononi mwa mtu, mama mmoja akamgusa mwenzake: si yule binti wa Bulaimu, yule mgonjwa? Na sasa ile hofu ya zamani ikampanda Mwavita ghafla, akaharakisha hatua akamfikia mdogo wake.

"Malaika," akanong'ona, "watu wanatuangalia."

Malaika hakupunguza mwendo. "Waache waangalie, yaya," akasema. "Leo njo Idi."