Mstari wa Mtoto wa Siku Tatu

Kazi yangu hapa Buffalo ni kupiga picha vitabu vya zamani. Ofisi yetu ina rejista za vizazi na vifo za mtaa mmoja wa mji huu, za karne ya kumi na tisa, enzi za farasi na taa za gesi. Siku ya kwanza nilidhani nitasinzia kabla ya saa sita mchana.

Sikusinzia. Kila aliyekufa ana mstari wake: jina, nyumba, kazi ya baba, umri, ugonjwa. Watoto ndio wengi, hadi nikaacha kuwahesabu. Kuhara, kifaduro, homa. Kisha nikamfikia mmoja aliyeishi saa moja tu. Jina hakuwa nalo, lakini mstari alipewa, mrefu sawa na wa tajiri aliyeandikwa juu yake, kwa mwandiko uleule wa madaha. Nilivua miwani. Nilistaajabu mpaka nikaogopa. Karani yule, pamoja na vifo vyote vile mezani pake, hakumruka.

Mimi wa kwetu nimemruka miaka yote hii.

Mama alizaa watoto sita. Wa mwisho alizaliwa kambini, baada ya sisi kukimbia Kivu, akafa kabla hajaingizwa kwenye kadi ya chakula. Hakuna karatasi popote duniani inayomtaja. Mama akiulizwa, husema sita. Mimi, mkalimani wake tangu nikiwa na miaka kumi na mitatu, nilikuwa nikisema watano. Nilianza kwenye mahojiano ya kuja Amerika, kwa sababu watu kambini walisema hesabu isiyolingana na kadi hukwamisha faili. Baadaye ikawa mazoea, na uvivu pia, nisijisafishe.

Wiki ile nilimpeleka kliniki, karibu na kwetu Lackawanna. Nesi mgeni akauliza mama amezaa watoto wangapi.

"Miye nilizala batoto sita," akasema mama.

Nikasema kwa Kiingereza: sita. Nesi akatazama kompyuta, akasema faili ina watano. Nikamwambia faili imekosea, na mkosaji ni mimi. Akauliza huyo mwingine alifariki akiwa na umri gani, na kwa ugonjwa gani. Nikageuka kumuuliza mama swali ambalo sikuwahi kumuuliza maishani.

"Siku tatu," akasema. "Homa. Alikuwa binti."

Nesi akaandika yote. Nikavua miwani, kama siku ile ofisini.

Garini mama alifunga mkanda. Kwenye taa za pili za barabarani akanigeukia.

"Faivu miye najuaka tangu kambini," akasema. "Kila mara unasema faivu, nasikia. Leo ulisema sikisi."

Nikamuuliza kwa nini hakunisahihisha hata siku moja.

"Ulikuwa mutoto, bon," akasema. "Nilikungojea."