Mama Yasin na Mwenye Lori la Chumvi

Jina lake ni Harusi, na kwa kuwa kumwita Bi Harusi ni kumrudisha mwanamke wa miaka sitini kwenye chumba cha mwari, Ngomeni sote twamwita Mama Yasin. Ameosha maiti wa kike tangu hajaota mvi. Mimi ni mmwagiaji maji wake. Yeye hupitisha mkono, mimi hushika kata, na tukitoka hatusemi tulichokiona kwenye mwili wa mtu. Mwosha mwenye mdomo haitwi mara ya pili.

Mwaka jana wachunga mbuzi walikuta watu kumi na mmoja wamekufa msituni, upande wa Magarini. Walikuwa wageni waliovuka mpaka bila karatasi, wakielekea kusini kutafuta kazi. Walikosa hewa chini ya turubai la lori la chumvi, kisha wakatupwa. Malori ya chumvi kwetu ni mengi, na hakuna aliyejitokeza kusema ni lake. Gharama ikabaki kwetu, sisi tusiomwalika mtu. Chumba cha maiti kilijaa hata Karisa wa Vitengeni akarudishwa mlangoni na maiti ya babake. Ambulensi yetu moja, ile tuliyoililia miaka minne, ikatumwa siku mbili nzima kubeba wafu.

Siku ya pili ndipo Swabra, mkewe Yasin, aliposhikwa na uchungu, na mtoto alikuwa amekaa vibaya. Tulipiga simu ya ambulensi mpaka tukachoka, tukampakia kwenye tuktuk. Mtoto wa kiume alizaliwa njiani, akalia mara moja, akanyamaza. Nyanyake alimwosha mwenyewe. Maji niliyomwaga hayakufika nusu ndoo.

Kesho yake tukaitwa Malindi kuwaosha wanawake wanne wa wale wageni. Nilidhani atakataa. Alikwenda, lakini kwa chuki.

"Hawa ndio waliopanda gari la mjukuu wangu," aliniambia, akakunja mikono ya buibui.

Chumvi ilikuwa imewaganda shingoni na kwenye kope. Wa nne alikuwa msichana wa miaka kumi na minane hivi, amejitanda leso ya zambarau. Mama Yasin aliishika pindo, akaitazama, akaketi juu ya ndoo. Nami niliijua. Ilikuwa sare ya harusi ya Lubna binti Jaafar, iliyochapishwa kwa oda kwa wanawake wa nyumba ile peke yao. Sisi wengine tuliambulia pilau. Basi msichana huyu alipitia kwa Jaafar, na mwanamke fulani mle ndani alimwona ana baridi akamfunika, bila kufikiri kwamba leso ile ina mwenyewe.

Jaafar ana malori mawili ya chumvi. Ramadhani hufuturisha msikiti mzima, na huswali safu ya mbele.

"Mwili nitausitiri," Mama Yasin alisema. "Nguo si mwili."

Akaipeleka kwa afande aliyekuwa akichunguza. Afande aliandika, akamshukuru, akamwita mama. Wiki mbili baadaye faili halikuonekana, wala leso. Mkono mtupu haulambwi, na wa Jaafar haukuwa mtupu.

Tangu hapo sikumwona akilia. Chuki yake ilikuwa imewaacha wale wageni, ikahamia kwa mtu mmoja. Nilimuuliza atafanya nini, naye mwanamke asiye na lori wala afande.

"Jaafar ana mama," alinijibu.

Niliogopa jibu lile, na sikumkataza. Mtoto wa Swabra alikuwa amepita mikononi mwangu pia.

Bi Ruqayya, mamake Jaafar, mgonjwa wa kitandani wa siku nyingi, alikufa baada ya siku arubaini, asubuhi ya Jumanne. Tuliitwa mara moja, maana Ngomeni waosha wa kike ni sisi wawili. Barazani wanaume walikuwa wamejaa, jeneza limeshaletwa. Hata naibu wa chifu, Kioko, mtu wa Ukambani, alikuwepo kwa rambirambi. Mama Yasin alifika kizingitini akasimama. Hakuingia.

"Shikamoo, Mama Yasin," Jaafar alisema. "Karibu ndani, jua lishapanda."

"Marahaba. N'tamwosha, mamako alikuwa mwema. Ila kwanza sema hapa, mbele za watu. Wale waliokufa Magarini, aliwabeba nani?"

Jaafar akatupa jicho kwenye jeneza.

"Hayo tutazungumza baada ya maziko."

"Nishazungumza na afande, sikuona kitu. Sema sasa."

"Waniadhibu kwa maiti ya mamangu?"

"Ndiyo," alisema. "Nakuadhibu."

Jaafar akanigeukia mimi. Niliiweka kata chini. Dhambi nilijua ni dhambi, na niliiweka kata hivyo hivyo. Mle ndani binti za marehemu walikuwa wakilia kwamba hawajui pa kuanzia, na joto lilikuwa likizidi. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Saa moja ilipita. Jaafar alipofungua mdomo hakumtazama yeyote.

"Lori lilikuwa langu. Mimi ndimi niliyekuwa usukani."

"Uliwaua kumi na mmoja," Mama Yasin alisema.

"Walikuwa kumi na saba," Jaafar alisema. "Sita walikuwa bado wapumua. Nikaogopa watasema. Niliwashusha mikokoni, maji yakijaa."

Kioko alitoa simu akasogea uani kuwaita polisi. Wazee walioketi karibu na Jaafar waliinuka mmoja mmoja, wakamwachia mkeka mzima.

Tuliingia. Bi Ruqayya tulimwosha vizuri, ukucha kwa ukucha, kwa maji ya mkunazi, maana yeye hakutukosea. Tulipomaliza kumkafini, kabla ya kumfunika uso, Jaafar alibisha mlango. Uani nyuma yake askari wawili walikuwa wakimngoja.

"Nifungulieni nimwone mamangu," alisema. "Mara moja tu."

Mama Yasin aliupeleka mdomo kwenye ufa wa mlango.

"Wale sita nao wana mama zao," alisema, kisha akamfunika Bi Ruqayya uso, akafunga sanda.